Siku moja Padova, pamoja na jamaa

Wako watu kati yetu wanaodhani kwamba picha kubwa za Ulaya ni mambo ya wenye elimu na wenye mali tu. Husema: «Sisi tulio na watoto watatu na mfuko mwepesi, tutatafuta nini mbele ya kuta za kale?» Neno hilo tumelisikia hata kwa Wakongomani wakaao Italia tangu miaka kumi, ambao kila siku hupita mbele ya makanisa ya ajabu wakienda kazini, wala hawajaingia humo ila kwa ndoa na kwa mazishi. Basi mtupe ruhusa leo tuwaeleze siku moja tuliyoipitisha katika mji wa Padova pamoja na jamaa ya watu wa kwetu. Hatutawataja jina, kwa maana mambo mengine yaliyosemwa siku hiyo ni ya ndani ya nyumba yao. Wenyewe wamekubali yaandikwe, tena aliyesisitiza zaidi ni mkubwa wao.

Walikuwa watu sita: baba, fundi wa vyuma katika karakana, mama, msichana wa miaka 13 na wadogo zake wawili wa kiume, wa mwisho akiwa na miaka 6, na mama mzazi wa mama, aliyekuja kutoka Lubumbashi kwa miezi miwili ili awaone wajukuu wake. Watoto humwita Nkambo, kwa desturi ya kwao, nasi pia tulimwita hivyo tangu saa ya kwanza.

Padova ni mji wa Veneto, kaskazini mwa Italia, na kutoka Venezia ni mwendo wa nusu saa hivi kwa garimoshi. Wageni wengi huupita bila kushuka, kwani hamu yao ni maji na mashua za Venezia. Kwa jamaa yenye mzee na mtoto mdogo sisi twaona ni afadhali kushuka. Mji ni tambarare, hauna madaraja ya kupanda na kushuka kila hatua, na barabara zake nyingi zina matao kando kando, hata mtu aweza kutembea muda mrefu bila kupigwa na jua wala kunyeshewa. Nkambo aliyatazama matao hayo, akasema kwamba aliyeyajenga bila shaka alikuwa na mama mzee nyumbani.

Tulikwenda kwanza kwenye kikanisa cha Scrovegni, kisicho mbali na kituo cha garimoshi. Mtu akikitazama kwa nje hakimshangazi: ni nyumba ya matofali mekundu, nyembamba na ndefu, iliyosimama ndani ya bustani. Lakini hakiingiwi hivi hivi. Yapasa kuagiza nafasi siku kadhaa mbele, na kufika kabla ya saa iliyoandikwa. Kisha wageni huwekwa katika chumba cha vioo kwa dakika 15, ili hewa itulie na unyevu na vumbi walivyoingia navyo vipungue, kwa sababu pumzi na jasho la watu wengi huzila rangi za ukutani. Ndipo mlango wa pili hufunguliwa, nao hupewa muda mfupi tu mbele ya picha, karibu sawa na ule wa kungoja. Baba alinung'unika kidogo: kungoja robo saa ili kutazama robo saa! Lakini mama alizitumia dakika zile za kungoja kwa akili. Aliwakusanya watoto, akawasimulia habari ya Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, ambayo ndiyo mwanzo wa picha zote za mle. Wazazi wanaokwenda huko na wafanye vivyo hivyo. Tuliwaona watoto wa jamaa nyingine wakiingia bila kuambiwa neno. Walihesabu nyota za dari, wakachoka, wakaomba kutoka.

Nyota hizo ni nzuri kweli. Dari yote ni ya rangi ya samawati iliyokolea, kama mbingu za usiku wa kiangazi kwetu, na kuta zimejaa watu kutoka juu hata chini. Mchoraji ni Giotto wa Firenze, aliyezifanya kati ya mwaka 1303 na 1305 hivi. Fundi wetu, yule baba, alipendezwa sana na namna ya kazi yenyewe, nasi tukamweleza tulivyojua. Picha za namna hii huchorwa juu ya chokaa ingali mbichi. Asubuhi msaidizi hupaka chokaa kipande kile tu kitakachomalizika siku hiyo. Mchoraji hutia rangi upesi. Chokaa ikikauka huishika rangi, zikawa kitu kimoja. Kesho yake huanzwa kipande kingine. Ndiyo maana watu wenye elimu, wakikaribia ukuta, huweza kuhesabu siku za kazi kwa kufuata mishono yake. Lakini rangi ya samawati ya mavazi ilitiwa juu ya chokaa iliyokwisha kukauka, haikushikwa vizuri, na sehemu nyingi imebanduka. Mahali pengine nguo ya Bikira Maria imebaki karibu bila rangi yake. Baba akasema: «Hata kwetu karakanani, kitu kilichounganishwa kikiwa baridi hakidumu.»

Yafaa kujua ni nani aliyelipa kazi hiyo. Alikuwa tajiri wa mji, Enrico Scrovegni, aliyenunua kiwanja mwaka 1300. Baba yake, Reginaldo, alijulikana kwa kukopesha fedha kwa riba kali, hata mshairi Dante akamweka motoni katika utenzi wake pamoja na wala riba wengine, akimtambulisha kwa alama ya ukoo wake, nguruwe jike. Husemwa kwamba mwana alijenga kikanisa ili kulipia dhambi za baba yake. Wengine husema alitaka fahari kwa nyumba yake. Sisi twadhani mambo hayo mawili huweza kukaa ndani ya moyo mmoja bila kugombana. Katika ukuta wa nyuma, penye picha ya Hukumu ya Mwisho, Enrico mwenyewe amepigwa magoti akimtolea Bikira Maria mfano mdogo wa kikanisa. Na upande wa pili, kule motoni, wako watu waliotundikwa kwa kamba za mifuko yao ya fedha. Mtoto wa pili ndiye aliyewaona kwanza. Akauliza kwa sauti kama ni wezi. Mama akamjibu kwamba ni watu waliokopesha maskini na kudai mara mbili. Mtoto akafikiri, kisha akamtaja kwa jina mtu fulani wa mtaani Lubumbashi, na ilibidi anyamazishwe.

Lakini tuliyotaka hasa kuwaeleza ni picha sita za kwanza, zilizo juu kabisa, chini ya dari. Habari yake haimo katika Injili. Imetoka katika kitabu cha kale cha karne ya 2, kiitwacho kwa jina la Yakobo, ambacho Kanisa halikukitia katika Biblia. Lakini humo ndimo Wakristo walimopata majina ya Yoakimu na Anna, na sikukuu yao twaiadhimisha tarehe 26 Julai. Walikuwa watu wazima, wenye mifugo, wacha Mungu, wala hawakuwa na mtoto.

Katika picha ya kwanza Yoakimu amekuja hekaluni na mwana-kondoo mikononi. Kuhani anamsukuma atoke: mtu asiye na uzao hana ruhusa ya kutoa sadaka pamoja na wengine. Nyuma ya ukuta mfupi wa hekalu, kuhani mwingine anambariki kijana aliyepiga magoti, nasi twaona kipande kidogo tu cha baraka hiyo, kama vile mtu aliyefungiwa nje aonavyo karamu ya wenzake dirishani. Yoakimu amemkumbatia mwana-kondoo wake kwa nguvu, wala hajui aende wapi. Katika picha ya pili amefika kwa wachungaji wake porini. Kichwa kimeinama. Mbwa anamrukia kwa furaha, naye hamwoni. Wachungaji wawili wanatazamana kwa pembe ya jicho, kwa namna ambayo kila mtu aliyepata kufiwa au kuaibishwa anaijua: ni macho ya watu wasiojua waseme nini kwa bwana wao.

Nkambo alikuwa amekaa kimya tangu tulipoingia. Hapo akamvuta binti yake kwa mkono, akasema polepole: «Angalia. Anayefukuzwa ni mume.»

Msomaji ataelewa baadaye kwa nini neno hilo lilikuwa zito. Kwa sasa tuendelee na picha. Yoakimu alikwenda porini bila kumwaga mkewe, na hapo hatumsifu; Anna alibaki akilia vilio viwili, cha mgumba na cha mjane, maana hakujua kama mumewe yu hai. Giotto amemchora amepiga magoti chumbani, malaika akiingiza kichwa dirishani kumpa habari njema, na nje ya mlango mtumishi wa kike anasokota uzi, akitega sikio. (Mama alicheka: «Hata huko walikuwako!») Halafu Yoakimu anatoa sadaka, kisha amelala amejikunyata, malaika anamjia katika ndoto kumwambia arudi nyumbani. Picha ya sita ndiyo ya Mlango wa Dhahabu wa Yerusalemu. Yoakimu amefika kutoka porini, Anna amemtokea mbele ya lango. Wamekumbatiana. Nyuso zao zimekutana hata zimekuwa kama uso mmoja. Mkono wa Anna umemshika mume wake kichwani kwa upole. Wale si vijana. Mchoraji hakuficha mvi wala mikunjo. Tumeona picha nyingi za mapenzi katika magazeti na katika simu za vijana, lakini hatukumbuki kuona nyingine inayoonyesha hivyo mume na mke waliodharauliwa pamoja na ambao hawakuachana.

Nyuma ya Anna wako wanawake wanaocheka kwa furaha. Katikati yao yuko mmoja aliyevaa nguo nyeusi, amefunika nusu ya uso, amegeuka kando. Ni nani? Wenye elimu wamebishana juu yake siku nyingi, na kila mmoja ana jibu lake. Nkambo pia alikuwa na lake, akalitoa bila kusitasita: «Huyo ni wa upande wa mume.»

Kengele ikalia, tukatolewa.

Nje, bustanini, watoto walikwenda kutazama kuta zilizobaki za uwanja wa michezo wa Warumi, ambao umekipa kiwanja kile jina lake la Arena. Sisi wakubwa tulikaa kwenye benchi. Hapo Nkambo akatueleza. Binti yake wa pili, mdogo wa mama huyu, aliolewa kanisani miaka tisa iliyopita, wala hajapata mtoto. Mume ni mtu mwema, hamtukani. Lakini mama wa mume na wajomba wake wamekutana mara mbili. Wamesema mali ya ndoa irudishwe, kijana atafutiwe mwingine. Binti amepelekwa kwa waganga watatu na kwa hospitali mbili. «Na mume wake?» tukauliza. «Yeye hakupelekwa popote,» akasema Nkambo. «Nani angemwambia?»

Baba akasema kwa heshima: «Mama, nisamehe. Lakini ukoo nao una neno lake. Mtu akifa bila mtoto, jina linazimika.» Nkambo akamjibu: «Mwanangu, mimi nimezaa saba, nimezika watatu. Jina si mimi ninayelishika, na si wajomba.» Baba hakujibu tena, alitazama mikono yake.

Nasi tulisema machache, ambayo twayarudia hapa kwa faida ya wasomaji walio katika shida hiyo, kwani barua zao twazipata. La kwanza: waganga wa hospitali wanajua hakika kwamba kukosa mtoto hutoka mara nyingi kwa mume, mara nyingi kwa mke, na mara nyingine kwa wote wawili, kumpima mke peke yake ni kama kutafuta mbuzi aliyepotea katika nusu ya kijiji. La pili: sheria ya Kanisa yasema waziwazi, katika kanuni ya 1084, kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauivunji. Mke asiyezaa ni mke kamili, na kikao cha wajomba hakina mamlaka ya kuvunja kilichofungwa mbele ya altare. Tunajua kwamba maneno hayo ni mepesi kuandikwa na mazito kubebwa katika nyumba ambamo kila Jumapili mtu huulizwa: «Bado?» Tena hatupendi kuwadanganya watu kwa kusema: salini kama Anna, mtapata mtoto kama Anna. Wako waliosali maisha yao yote wasipate. Lakini tazameni tena picha ya sita: mtoto hayupo bado. Kumbatio limekuja kwanza.

Njaa ikatuondoa bustanini. Tulipita kando ya kanisa la Eremitani, jirani kabisa, lililopigwa na mabomu tarehe 11 Machi 1944. Picha za Mantegna zilizokuwamo ziliharibika karibu zote, na vipande vidogo vidogo vilikusanywa vifusini. Kikanisa cha Scrovegni kiliokoka kwa hatua chache tu. Kutoka hapo tukafika soko la kati, ambalo ni furaha kwa kila mama. Katikati ya viwanja viwili, kimoja cha mboga na kimoja cha matunda, limesimama jumba kubwa la mahakama ya zamani, lililoanzwa mwaka 1218. Juu ni ukumbi mmoja wenye urefu wa mita 80 hivi, na chini yake ni maduka ya nyama, jibini na samaki. Katika jiwe la ukuta wa nje vimechongwa vipimo vya zamani vya nafaka na vya matofali, ili mnunuzi aliyemshuku mchuuzi aende kuhakikisha mwenyewe. Mama alisema angependa jiwe hilo lipelekwe katika masoko fulani anayoyajua.

Ndani ya ukumbi wa juu watoto walikimbilia farasi mkubwa wa mti, nasi tukaenda kutazama jiwe jeusi lililo pembeni. Zamani mdaiwa aliyeshindwa kulipa alikalishwa juu yake mara tatu mbele ya watu, akiwa na nguo za ndani tu, akatangaza kwamba ameacha mali yake yote, kisha akahama mji. Ni aibu kubwa. Lakini kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi, maana mdaiwa alikaa gerezani. Mwezi wa Machi 1231 mji ulibadili sheria, na katika maandishi ya sheria hiyo imetajwa kwamba aliyeomba ni ndugu Antoni, mtawa wa Mtakatifu Fransisko. Ndiye Mtakatifu Antoni wa Padova ambaye kwetu watu humwomba wakipoteza ufunguo. Alikuwa amebakiwa na miezi mitatu tu ya kuishi.

Tulikula katika mkahawa mdogo wa kando ya soko. Ikaletwa sahani ya samaki aliyepikwa polepole kwa maziwa na vitunguu, na pembeni yake kitu cheupe, kizito, kilichokatwa vipande. Nkambo alikitia kidole kabla ya uma. «Huu ni bukari!» Na ni kweli. Wao huuita polenta. Mahali pengi pa Italia ni wa rangi ya manjano, lakini katika nchi za Padova, Treviso na Venezia wengi hupenda ule wa mahindi meupe. Huusonga katika chungu cha shaba, na zamani waliumimina juu ya ubao, wakaukata kwa uzi. Naye samaki ni ndugu wa makayabu yetu, ila hakutiwa chumvi. Amekaushwa kwa upepo tu huko Norwei. Mwaka 1431 baharia mmoja wa Venezia, Pietro Querini, alivunjikiwa na chombo. Waliookoka walipokelewa na wavuvi wa visiwa vya Norwei mwanzoni mwa mwaka 1432, na aliporudi alisimulia habari za samaki huyo mkavu kama mti. Basi wajukuu waliozoea kukataa bukari nyumbani, wakidai vyakula vya shuleni, waliumaliza wote hapo mkahawani kwa sababu ulikuwa na jina la Kiitalia. Nkambo hakusema kitu, ila alimtazama binti yake.

Mahindi yalifika Veneto katika karne ya 16, kutoka Amerika, kama yalivyofika kwetu pia. Yaliwaokoa maskini na njaa, kisha yakawaletea msiba. Katika karne za 18 na 19 wakulima wengi wa nchi ile walikula polenta asubuhi na jioni, bila nyama wala samaki wala maharagwe, wakashikwa na ugonjwa uitwao pelagra: ngozi huchubuka palipopigwa na jua, tumbo huharisha, akili huchafuka, mwisho ni kifo. Waliokuwa na wazimu wa pelagra walijaza hospitali. Sababu haikujulikana vizuri hata karne ya 20: mwili ulikosa vitamini moja, ambayo ndani ya mahindi imefungwa hata tumbo haliwezi kuitoa. Wenyeji wa Meksiko hawakupata ugonjwa huo, kwa kuwa tangu kale huyachemsha mahindi kwa chokaa, nayo huifungua. Wazungu walichukua mbegu, wakaacha maarifa ya wapishi. Mama alisikiliza habari hiyo kwa makini, akamwongezea mtoto mdogo samaki.

Saa za mchana tulipita upesi mbele ya Pedrocchi, mkahawa mkubwa uliofunguliwa mwaka 1831, wenye chumba cha rangi ya kijani ambamo tangu zamani mtu aweza kukaa bila kununua kitu. Na mbele ya chuo kikuu, kilichoanza mwaka 1222, alimofundisha Galileo tangu 1592 hata 1610. Hapo msichana wetu alipenda kusikia habari ya Elena Cornaro Piscopia, aliyepewa udaktari wa falsafa tarehe 25 Juni 1678, mwanamke wa kwanza kuupata katika chuo hicho. Alikuwa ametaka ule wa teolojia. Askofu Barbarigo akakataa, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Msichana akauliza kama leo wangemkubalia. Tukamjibu kwamba leo wanawake husoma na kufundisha teolojia, hata Roma. Akasema: «Basi alizaliwa mapema mno.»

Jioni ilikaribia tulipoingia kanisa la Mtakatifu Antoni, ambalo wenyeji huliita kwa kifupi «Santo», bila jina, kana kwamba hakuna mtakatifu mwingine. Alizaliwa Lisboa, akafa karibu na Padova tarehe 13 Juni 1231, akatangazwa mtakatifu mwaka uliofuata. Mwaka 1946 Papa Pius XII alimwita Mwalimu wa Kanisa. Alitamani kuhubiri Afrika, akafika Moroko, ugonjwa ukamrudisha. Lakini heshima yake ilifika ufalme wa Kongo pamoja na wamisionari, ikashika mizizi huko. Hata Kimpa Vita, aliyebatizwa Beatriz, alipoanza mahubiri yake mwaka 1704 alisema kwamba Mtakatifu Antoni amemwingia. Walimchoma moto mwaka 1706. Ni habari ya huzuni, nasi tutaiandika siku nyingine kwa urefu unaostahili.

Kuzunguka kaburi lake kuna picha tisa kubwa zilizochongwa katika marmari. Sisi tulidhani tutawaeleza watoto miujiza ya mbali. Kumbe ni mambo ya nyumbani tena. Mume mwenye wivu anakataa mtoto mchanga kwamba si wake, na mtoto, mikononi mwa wanawake, anafungua kinywa na kumtaja baba yake. Kijana aliyempiga mama yake teke amejikata mguu kwa majuto, Antoni anaurudisha. Bahili amekufa, wanampasua kifua, hawauoni moyo: umekutwa ndani ya sanduku la fedha. Mtoto wa pili alitaka kuchungulia kama moyo umechongwa. Mdogo wake, kwa upande wake, alitazama sana mguu uliokatwa, kisha akamshika mama yake mkono, akaushika hata tulipotoka.

Watu hupita nyuma ya kaburi, hulaza kiganja juu ya jiwe, hukaa hivyo kidogo. Wengi huacha hapo picha za watoto wao, na barua. Nkambo alilaza mkono wake muda mrefu, hata foleni ikasimama. Mlinzi alimtazama, akaacha.

Tulipumzika katika Prato della Valle, kiwanja kikubwa chenye kisiwa cha majani katikati, kilichozungukwa na mfereji na masanamu 78 ya watu mashuhuri. Watoto walipata barafu tamu, wakahesabu masanamu, wakatofautiana. Vibao vingine havina kitu juu yake: askari wa Ufaransa walivunja mwaka 1797 masanamu ya wakuu wa Venezia. Nkambo akatoa mkobani kadi mbili alizonunua asubuhi karibu na kikanisa, zote mbili za Mlango wa Dhahabu. Akamwita msichana amwandikie. Ya kwanza ilikuwa ya binti yake, fupi: amemsalimu, amemwombea, amemwagiza apike vizuri na asikonde. Ya pili akaipeleka kwa mama wa mume. Msichana akaandika kama alivyoambiwa: «Mkwe wangu, nakusalimu wewe na nyumba yako. Hawa ni wazazi wa Bikira Maria, walipokuwa hawajapata kitu. Nikirudi nitakuja kuketi kwako.»

«Na huyu mwenye nguo nyeusi, Nkambo? Niandike ni nani?»

Nkambo akaichukua kadi, akaitazama. «Hapana,» akasema. «Hilo nitamwuliza yeye mwenyewe.» Akazitia kadi zote mbili ndani ya kitabu cha sala, maana hakuiamini posta, tukaondoka kwa miguu kwenda kituoni, mtoto mdogo akiwa amelala begani kwa baba yake.